Mhusika mkuu: mtupu au mwenye maisha yake?

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza kama fundi wa chombo cha anga kwenye gemu lako awe mtupu, mchezaji amjaze mwenyewe, au awe na sauti na historia yake. Kwa kuwa mnaolitengeneza ni watu wawili na kompyuta moja, mwache nusu mtupu: mpe kazi na deni, mnyime sauti.

Ni hesabu tu. Mazungumzo 40 yenye majibu 3 ni sentensi 120 za kurekodi. Ukitaka sauti ya kike na ya kiume, 240. Gemu la Fallout 4 (2015) lilimpa mhusika sauti, majibu yakabanwa kuwa manne kila zamu, na wachezaji wengi walilalamika. Gordon Freeman, mhusika mkuu wa gemu la Half-Life (1998), hasemi neno, lakini ana jina na taaluma. Wanaomzunguka ndio wanaomchora.

Kiswahili kinakubeba: "amefika" haibagui jinsia, sentensi moja inatosha. Panapoharibika ni kwenye salamu. Mlinzi wa kituo akisema "Shikamoo", tayari umeshampa mchezaji umri. "Dada" ndiyo kabisa! Tumia cheo: "Fundi, za safari?"

Ila kama hadithi nzima inasimama juu ya ndugu ambaye fundi alimtelekeza, mpe historia kamili, na uionyeshe mapema. Mchezaji hajutii kosa asilolijua.

Mpe mtu acheze dakika 10, kisha muulize fundi ni nani. Akikutajia rangi ya nguo tu, rudi kwenye lile deni: anadaiwa na nani, na kwa nini?