Kabla hujaanza kubeba boksi Uingereza

Mdogo wangu uliyepata viza ya masomo, boksi, yaani kazi za kibarua za ughaibuni, lipo. Nililibeba mwaka mzima nikisoma uzamili kaskazini mwa England, na sijutii. Ila anayekuambia kwamba boksi litakulipia ada anakudanganya. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula (wa kozi zilizo chini ya shahada ni 10). Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa. Kwa kiwango hicho, wiki ikijaa ni pauni 244 na ushee, na hapo chumba, nauli na chakula vinakusubiri. Hiyo ni hela ya kula.

Kitu kitakachokuweka salama au kukurudisha nyumbani ni hesabu ya masaa. Wiki ya uhamiaji inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na masaa ya waajiri wote yanajumlishwa. Usidhani kwa kuwa wiki hii umefanya 10, wiki ijayo una haki ya 30.

Mimi nilikuwa na hoteli wikendi na ghala katikati ya wiki. Jumapili moja mchana, nikiwa nimeshafika masaa 16, wakala wa ghala akapiga: shifti ya usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, watu wameugua. Nikachukua kalamu. Saa nne hadi saa sita usiku ni masaa mawili, jumla 18. Sita yaliyobaki ni ya Jumatatu, wiki mpya. Nikaenda, na Jumatatu nikaanza daftari nikiwa tayari na sita. Mara nyingine akanipigia Ijumaa nikiwa na 14, anataka masaa manane. Nikakataa. Alikaa kimya siku kumi bila kunipa kazi, na mkataba wenyewe haukunihakikishia hata saa moja, kwa hiyo sikuwa na pa kulalamika. Iliuma, kodi ya chumba ilikuwa inakaribia. Lakini masaa yakizidi, yeye anaweza kupigwa faini. Wewe unaweza kupoteza viza.

Wa uzamili, kiangazi ndicho kinachowanasa wengi. Wenzako wa shahada ya kwanza wakifunga chuo Juni wanaweza kufanya kazi kutwa nzima. Wewe bado unaandika tasnifu, na kwa sheria hiyo si likizo. Kama chuo chako hakijaandika vinginevyo, unabaki kwenye masaa 20 hadi tarehe ya mwisho wa kozi. Omba barua ya chuo yenye tarehe za mihula. Mwajiri makini ataidai.

Anza kutafuta hapo hapo chuoni: maktaba, kantini, kuwatembeza wageni siku za maonyesho. Wanajua ratiba ya mitihani na hawakusukumi kuzidisha. Tangazo likitoka, omba siku hiyo hiyo. Kwenye CV ondoa picha, dini na hali ya ndoa, huku havitakiwi. Haki ya kufanya kazi unaithibitisha kwa msimbo (share code) unaoutoa mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Namba ya bima ya taifa (National Insurance, ya kodi na michango) usiisubiri, unaweza kuanza kazi ikiwa njiani.

Kusambaza chakula kwa baiskeli achana nako. Huko unahesabiwa umejiajiri, na viza ya mwanafunzi hairuhusu. Kukodi akaunti ya mtu ya kusambazia chakula ni kosa jingine juu ya hilo, hata kama anayekukodisha ni mtu wa kwenu. Na wakala anayedai hela ili akutafutie kazi anavunja sheria ya Uingereza. Kwenye makundi ya WhatsApp utawakuta, wanaongea Kiswahili kitamu kuliko chako.

Ghala la mbali lipigie hesabu ya nauli kwanza. Langu lilikuwa nje ya mji, na Jumapili moja nilipoitwa huko, basi la kwanza la asubuhi lilianza muda mrefu baada ya shifti kuisha. Teksi moja ilikula zaidi ya saa moja ya jasho langu.

Ukiwaza kulea wazee, chukua cheti cha tabia njema cha polisi kabla hujapanda ndege. Waajiri wengi wa kazi hiyo hukiuliza, na kukifuatilia kwa kumtuma binamu Dar kunachosha nyote wawili.