Usiku wa gala melini: nguo ya kuvaa na saa ya kula

Saa kumi jioni, siku ya pili baharini, chumba cha kufulia cha meli ya Queen Mary 2 kilikuwa kimejaa wanaume. Kila mmoja na shati lake jeupe mkononi, wanangojea pasi. Mimi nilikuwa na kanzu ya mume wangu begani na mtandio wa mama mkwe mkononi. Mzee mmoja Mwingereza aliitazama ile kanzu kwa muda, kisha akaniuliza vazi refu namna hii huanziwa wapi kupigwa pasi. Nikamwonyesha: mikono kwanza, kisha mgongo, na kifua chenye darizi mwisho kabisa, tena kwa upande wa ndani ili nyuzi zisilale. Akasimama kutazama mpaka nikamaliza.

Naandika haya kwa sababu ndugu na mashoga zangu wameanza kukata tiketi za meli za kitalii, na swali linalokuja kabla ya yote ni la nguo. Wengine wameshaniambia wanaahirisha safari kwa hofu ya usiku wa gala, yaani usiku wa mavazi rasmi. Nimesafiri mara mbili. Ya kwanza ilikuwa siku saba katika Bahari ya Kati kutoka Barcelona, ya pili ni hii ya Southampton hadi New York, tulipompeleka mama mkwe kutimiza miaka sabini. Niliyoyapata nayaweka hapa.

Anza kwa kujua meli yako inataka nini, maana kampuni hazifanani hata kidogo. Norwegian Cruise Line waliacha habari ya mavazi rasmi ya lazima tangu mwaka 2000, walipoanzisha mtindo wao wa kula saa unayotaka, mkahawa unaoutaka. Celebrity waliondoa usiku wa rasmi mwaka 2015 wakaweka usiku wa kupendeza tu, ambao mwanamume anaweza kuingia bila tai. Cunard, wenye Queen Mary 2, bado wanaushika utamaduni wa zamani: usiku wa gala mwanamume anavaa suti ya rangi iliyokolea na tai, au ile ya tai ya kipepeo, na mwanamke gauni la jioni au suti nzuri ya suruali. Hapo katikati kuna kampuni nyingi zinazopendekeza bila kulazimisha. Kwa hiyo usimsikilize jirani aliyepanda meli nyingine. Fungua ukurasa wa safari yako, usome sehemu ya mavazi, na usome tena wiki moja kabla ya kufunga sanduku, kwa kuwa kanuni hizi hubadilishwa.

Kwa kawaida safari ya siku saba huwa na usiku wa rasmi mara mbili, na ya siku tatu au nne mara moja. Mara nyingi huwekwa siku ambazo meli iko baharini kutwa, watu wakapata muda wa kujiandaa. Usiku wa kwanza ni nadra sana kuwa rasmi, kwa kuwa masanduku huchelewa kufika vyumbani. Ndiyo maana nguo ya jioni ya kwanza, dawa, na mswaki nakushauri uviweke kwenye begi la mkononi.

Sasa suala la nguo yenyewe, na hapa nitasema kwa nguvu: usinunue. Watu wetu tuna nguo za mtoko kuliko tunavyokumbuka. Ile sare ya harusi ya mwaka jana, gauni refu la kitenge lililoshonwa na fundi anayekujua mwili, dera la hariri lenye mtandio wa nyuzi za dhahabu, buibui jeusi la kutokea lenye mapambo mikononi: yote hayo yanaingia ukumbi wa gala bila shida. Kanuni za Cunard zinalikubali vazi rasmi la taifa, na Waskoti huja na sketi zao za mistari bila kuulizwa. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya mkono aliyofumiwa na shangazi yake. Usiku ule rangi zilizopendekezwa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Akawa ametimiza kila kitu kwa nguo alizokuwa nazo kabatini. Wahudumu wawili walimwomba wapige naye picha.

Kitu ambacho hakiingii, na watu hukisahau, ni viatu. Ndala na raba huzuiwa mlangoni hata kama juu umevaa vizuri, na mchuchumio mwembamba ni hatari meli ikianza kuyumba. Atlantiki inayumba. Nilipanda ngazi nimeshika nguzo kwa mikono miwili, gauni likinikanyagika, na kuanzia usiku wa pili nikavaa viatu bapa vya ngozi. Hakuna aliyeviona chini ya gauni.

Pasi ndiyo iliyoniumiza safari ya kwanza. Nilikuwa nimeifunga pasi ndogo ndani ya sanduku. Melini pasi ni hatari ya moto, kwa hiyo masanduku hupitishwa kwenye mashine na zote huchukuliwa, hata zile za mvuke. Sanduku letu lilizuiwa, mume wangu akaitwa chini kwa walinzi kulifungua mbele yao, pasi ikaandikiwa karatasi, tukarudishiwa siku ya kushuka. Sikuwalaumu. Lakini meli ile haikuwa na chumba cha kufulia cha abiria, na siku ya usiku rasmi nilipopeleka suti kwa wafuaji wa meli saa nane mchana, niliambiwa itarudi kesho. Tukaitundika suti bafuni, tukafungulia maji ya moto, tukafunga mlango robo saa. Ilisaidia nusu. Tangu hapo, nikipanda tu ninauliza kama kuna chumba cha kufulia chenye pasi, na kama hakuna, nguo ya kupigwa pasi naipeleka siku ileile ya kwanza wakati hakuna foleni. Queen Mary 2 ina vyumba hivyo na hulipi kitu. Nenda asubuhi, saa kumi jioni umechelewa, kama nilivyochelewa mimi.

Suala la saa za kula lina uzito kuliko nguo, ingawa watu hawaliulizi. Kuna mpango wa meza maalumu: meza yako, zamu yako, wahudumu walewale kila siku. Na kuna mpango huru: unakwenda unapotaka, unapewa meza iliyopo. Safari ya kwanza tulichagua mpango huru tukifurahia uhuru wake, na siku za kawaida ulikuwa mzuri kweli. Usiku wa rasmi ndipo ukatugeuka. Watu wote wanavaa, wanapiga picha mbele ya vitambaa vilivyotundikwa ukumbini, kisha wanateremka kwa pamoja saa moja na nusu. Tulisimama dakika arobaini, mimi na mchuchumio wangu. Ukichukua mpango huru, weka nafasi mapema kwa usiku ule mmoja, kwenye programu ya simu ya meli au kwa kumwendea mkuu wa ukumbi wa chakula mchana. Ama nenda mapema, saa kumi na mbili, kabla ya picha. Picha zitakungoja.

Safari ya pili tulikuwa na mzee, tukachagua meza maalumu, zamu ya kwanza. Britannia, ukumbi mkuu wa chakula wa Queen Mary 2, una zamu mbili: saa kumi na mbili jioni na saa mbili na nusu usiku. Ukivuka kwenda Marekani saa hurudishwa nyuma saa moja, usiku tano kati ya saba, kwa hiyo tumbo la mtu mzima linadai chakula kabla ya saa ya ukutani. Mama mkwe alikuwa anauliza chakula tangu saa kumi. Zamu ya pili ingemtesa. Ukirudi Uingereza mambo hugeuka, saa inasogezwa mbele, na hapo waweza kupenda zamu ya usiku.

Kwa anayeswali, tazama jua kabla ya kuchagua zamu. Sisi tulivuka mwezi wa saba, jua huko kaskazini huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo zamu ya kwanza tulikula, tukarudi chumbani, Magharibi ikatukuta tumetulia. Aliye zamu ya pili Magharibi humkuta nyama ndiyo inateremshwa mezani. Ndugu walioko Muscat na Dubai wanaopanda meli za majira ya baridi kule Ghuba wana hesabu nyingine kabisa: Desemba jua linazama mnamo saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo zamu ya saa kumi na mbili inamtaka mtu aswali Magharibi haraka haraka na Isha aje kuiswali baada ya kula, na mpango huru wa saa mbili ndio wenye nafasi. Chakula cha halali uombe unapokata tiketi, usingoje kupanda. Ukisahau, samaki na mboga hukosi.

Na kama hutaki kuvaa? Usivae. Hili nalisema kwa moyo kwa sababu nimeona watu wakijifungia chumbani usiku wa gala kana kwamba wamekatazwa kula. Kwenye Queen Mary 2 bafe ya Kings Court iko wazi kwa asiyevaa rasmi, na Golden Lion, ile baa yenye samaki na chipsi. Chakula cha chumbani kipo pia. Siku ya gala ya pili mama mkwe alichoka. Magoti yalikuwa yamevimba kwa ngazi. Alijilazimisha kuvaa kwa sababu aliona tumejiandaa, nikamkuta amekaa kitandani, mtandio mapajani, hajui aufunge vipi na mikono inamtetemeka.

"Mama," nikamwambia, "leo tunakwenda juu na madera yetu."

"Si mtaonekana vibaya, mwanangu?"

"Hatuendi kwa wenye magauni. Tunakwenda kwenye chakula."

Tukavua, tukapanda Kings Court, tukakaa dirishani. Alichukua wali na samaki, akaomba pilipili, akala taratibu akitazama maji yakififia rangi. Usiku ule alizungumza habari za marehemu baba mkwe, alivyokuwa baharia wa majahazi kati ya Tanga na Pemba, mambo ambayo mume wangu hakuwahi kuyasikia. Mkuu wa ukumbi wa chini tulikuwa tumeshamwarifu mchana kwamba meza yetu itakuwa tupu. Mwarifu wako pia, kwa kuwa wahudumu wa meza maalumu huandaa na kungoja, na meza ya watu wanane yenye viti vitatu vitupu huwakosesha raha waliobaki.

Jambo la mwisho la kabatini. Usiku wa mwisho huwa si rasmi, kwa sababu masanduku hutolewa nje ya mlango usiku ili yachukuliwe. Gauni na kanzu zifunge mchana, bado una nguvu. Acha nje nguo ya kushukia, viatu, nguo za ndani na pasipoti. Mwanamke wa chumba cha jirani yetu alifunga kila kitu, akashuka New York asubuhi na koti la meli la kuogea juu ya gauni la kulalia, na mama mkwe ndiye aliyemvulia mtandio wake mkubwa akamfunika.