Nguo ya Usaili Ijaribu Ukiwa Umekaa

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa mwaka 2013, kwenye kampuni moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Niliazima suti ya dada yangu, koti jeusi na sketi ya kubana iliyoishia magotini. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati, mbele na nyuma, nikaridhika. Mama naye akasema nimependeza. Hakuna aliyeniambia nikae.

Kule ndani wasaili walikuwa watatu nyuma ya meza yao, na mimi kwenye kiti katikati ya chumba, bila kitu mbele yangu. Nilipokaa tu, sketi ikapanda hadi nusu ya paja. Nikaivuta, ikapanda tena. Nikaifunika kwa bahasha ya vyeti, na muda si mrefu wakaomba vyeti. Kuanzia hapo nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye sketi. Mama mmoja aliniuliza kuhusu kufunga hesabu za mwezi, kazi niliyoifanya kwa mikono yangu wakati wa mafunzo kwa vitendo, nami nikamwomba arudie swali mara mbili. Kazi sikuipata. Sisemi ni sketi iliyoninyima, lakini nilichojibu siku ile sicho nilichokuwa nakijua.

Tangu hapo, kila msichana anayeniuliza avae nini namwambia atafute kwanza kiti. Kiti kigumu, kisiwe kochi. Vaa kila kitu utakachovaa siku hiyo, pamoja na nguo za ndani, kisha kaa dakika 20 ukisoma CV yako kwa sauti. Nyoosha mkono kama anayesalimiana na mtu mezani. Inama uokote kalamu. Mwombe mdogo wako akae mbele yako akutazame, halafu akueleze ukweli. Utaona mambo ambayo kioo hakikukuonyesha: vifungo vya kifuani vinaachana, mpasuo wa nyuma umepanda juu mno, blauzi imechomoka kiunoni, kola inafunguka unapoinama. Ukiona mkono wako umekwenda kuirekebisha nguo zaidi ya mara moja, nguo hiyo iache, hata kama ndiyo inayokupendeza kuliko zote.

Kwa sketi, mimi nashikilia urefu wa kuvuka magoti hata ukiwa umekaa. Ukisimama itakuwa karibu na katikati ya muundi, na wengine watakwambia inakuzeesha. Waache.

Wala huhitaji hela nyingi. Sketi iliyonipeleka kwenye usaili wa pili niliinunua soko la Karume, mtumba, shilingi 7,000, rangi ya bluu iliyokolea. Ilikuwa kubwa, na ndivyo nilivyotaka. Nguo kubwa fundi ataipunguza vizuri, ila ndogo akiiachia utabaki na alama za mshono wa zamani. Ukiwa sokoni ipindue uangalie bitana, zipu, na kama pindo lina kitambaa cha kutosha kushusha. Angalia kwapani kwenye koti, maana hapo ndipo mtumba unapochoka mapema. Kisha mpelekee fundi wiki nzima kabla ya siku yenyewe, si jana yake. Mafundi wetu tunawajua.

Jasho nalo lipangie. Dar ya Januari au Februari, ukitoka Mbagala kwa daladala hadi mjini, utafika umelowa. Blauzi ya kijivu au ya bluu ya mbingu itakuanika. Jasho linaonekana tangu mlangoni. Nyeupe, rangi ya maziwa au damu ya mzee zinasitiri zaidi. Pamba inapitisha hewa lakini inakunjamana, vile vitambaa vya kuteleza havikunjamani lakini vinashika joto na harufu, kwa hiyo mimi huvaa blauzi ya pamba yenye mchanganyiko kidogo na koti nalibeba mkononi. Nalivaa nikishapita getini. Chini ya blauzi nyeupe vaa shimizi, na sidiria iwe ya rangi iliyo karibu na ngozi yako, kwa sababu sidiria nyeupe chini ya blauzi nyeupe huonekana vizuri sana.

Ukiitwa Dodoma, fikiria upepo na vumbi. Sketi nyepesi ya marinda itakuhangaisha kuanzia kituo cha basi; chukua ya kitambaa kizito kidogo. Weka kitambaa cha kufutia viatu kwenye mkoba. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, na foleni ya kuhakikiwa vyeti inaweza kuanza alfajiri. Matangazo ya usaili wa serikali husema wazi kuwa msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, kwa hiyo usimalizie akiba kwenye suti ukashindwa nauli ya kurudi. Isitoshe, serikali ina waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007, unaokataza nguo fupi, za kubana na zinazoonyesha maungo. Ukivaa kama mtu ambaye tayari ni mtumishi, hutakosea.

Kwenye kampuni binafsi swali huwa ni suruali. Hapa ushauri wangu ni mmoja: nenda ukaone. Siku mbili kabla ya usaili mmoja, mimi nilisimama ng'ambo ya barabara saa kumi na moja jioni, nikawatazama wanawake wakitoka kazini. Wengi walivaa suruali za kitambaa na blauzi, wachache magauni, na mmoja gauni la kitenge lenye mshono wa kutulia. Nikajua la kufanya. Kitenge ni vazi rasmi kabisa kikishonwa kwa adabu, na naumia nikisikia msichana ameambiwa akivue akatafute suti nyeusi. Kinachokiharibu ni mshono wa harusini, mikono iliyofura na mgongo wazi.

Kwa wanaojistiri, hijabu ya rangi moja ya kitambaa kisichoteleza inatosha. Ifunge na pini zako kabla hujatoka, kisha geuza kichwa kulia na kushoto mara kadhaa ukiwa kwenye kile kiti. Baibui lisilo na nakshi za kung'aa halina tatizo lolote.

Viatu: kisigino kifupi, kimo chake kisizidi upana wa vidole vitatu, na viwe vimeshakuzoea. Kama ni vipya, vivae ndani ya nyumba wiki nzima. Njiani vaa raba au ndala, ubadilishe karibu na geti. Nywele suka siku tatu kabla ili kichwa kisivute. Manukato kidogo sana, bangili acha nyumbani kwa sababu zinagonga meza.

Ile sketi ya Karume ninayo bado. Wameshaiazima wasichana wanne, na fundi ameipunguza na kuiachia mpaka amezoea. Mwezi uliopita alikuja binti wa jirani, ana usaili Jumatatu. Nikamtolea kiti cha jikoni, nikakiweka katikati ya sebule, nikakaa mbele yake na CV yake mkononi. Kwenye swali la pili nikaona anashika kiuno.

"Inakubana, mdogo wangu?"

"Kidogo tu, dada."

Tukaivua, nikamfungia kwenye mfuko. Fundi alikuwa hajafunga.