Namba Yangu ya Zamani Iko Mbeya

Alhamisi iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja, binti aliyemaliza chuo mwaka jana. "Shikamoo kaka. Chuo kimetuandikia kwamba imeili za waliohitimu zitafungwa mwisho wa mwezi. Maombi yangu yote ya ufadhili nilijaza imeili hiyo. Nifanyeje?"

Nimeshamjibu kwa ufupi. Ila tangu siku ile nimekosa raha, kwa sababu ujumbe wake ulinirudisha kwenye jambo langu la mwaka 2022 ambalo sijawahi kulieleza hapa lote. Leo nalieleza, na majibu yake yatafuata, maana najua walio kama yeye ni wengi.

Sanduku langu la kwanza la barua pepe nililifungua 2006, kwenye intaneti kafe ya Mwenge, nikiwa nimelipia nusu saa. Lilikuwa la bure, la kampuni kubwa ya nje. Miaka kumi na sita nililitumia kwa kila kitu: vyeti, mikataba, risiti, picha za harusi yangu. Na barua za Baba.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu, Tanga. Kompyuta alijifunza akiwa ameshatoka kazini, akafundishwa na kijana wa kafe karibu na stendi. Aliandika barua pepe kama alivyoandika za karatasi: anwani na tarehe kule juu, kisha "Mwanangu mpendwa, salaam sana. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu." Mwisho anaweka jina lake lote, kana kwamba ningeweza kumsahau. Nilikuwa na haraka za ujana, namjibu mistari miwili. Alifariki 2017.

Mwaka 2022 laptopu yangu iliibwa ndani ya gari, Ubungo. Iliniuma kidogo tu, nikasema mashine ni chuma, kitanunuliwa kingine. Nikanunua. Nikaandika neno langu la siri, sahihi kabisa, na ile kampuni ikaniambia: hatukitambui kifaa hiki, tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 47.

Laini ile nilikuwa nimeiacha tangu 2019. Nilihamia mtandao mwingine kwa ajili ya bando, nikaitupa kwenye droo. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba yake huuzwa upya kwa mtu mwingine. Nilikuwa nalijua hilo. Kulijua hakukunisaidia.

Nikapiga namba yangu mwenyewe. Akapokea mama mmoja, sauti ya utu uzima, nyuma yake nasikia kelele za soko. Yuko Mbeya, anauza mchele. Nikamwamkia, nikajieleza, nikamwomba anisomee ile meseji iliyoingia sasa hivi. Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, pole. Lakini nimeambiwa nisimsomee mtu namba hata akilia."

Nilimbembeleza. Nilimweleza habari za Baba. Akasikiliza hadi mwisho, akanipa pole tena, akakata simu. Na alikuwa sahihi. Mama yangu mzazi nimemfundisha maneno yale yale, kwamba namba ya uthibitisho haisomewi mtu, hata mwanao akipiga kutoka namba ngeni. Kile kilichofungua miaka yangu kumi na sita kilikuwa kwenye simu ya mtu mwingine, kihalali, na aliyekiweka huko ni mimi.

Niliijaza fomu ya kampuni ile mara kumi na moja. Kila mara jibu lilitoka kwa mashine. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kupanga foleni wala bwana mkubwa wa kumsubiri mlangoni. Ukitumia cha bure, wewe si mteja wa mtu.

Sasa sikiliza kilichoniokoa kidogo. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam Julai 2009, lakini unafuu haukutufikia wa mtaani siku hiyo hiyo. Nilipoanza kutumia modemu ya USB bando lilikuwa bado linauma, kwa hiyo niliweka Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, kwenye kompyuta ya mezani na kuiunganisha kwa njia ya POP. Nachomeka modemu dakika tano, barua zinashuka, nachomoa, nasoma usiku mzima bila kulipa kitu. POP inaleta barua yenyewe hadi kwenye diski yako. IMAP, njia nyingine inayotumika sana leo, inakuonyesha barua zilizoko kwenye seva, yaani kompyuta ya watu inayotunza barua. Zikifutwa kule, na huku zinatoweka. Sikuwa na maono yoyote. Nilikuwa nabana pesa.

Mwaka 2012 nilipata simu ya kisasa, nikaiacha Thunderbird, na ile kompyuta ikapelekwa nyumbani Tanga. Niliikuta stoo, chini ya mkeka, imejaa vumbi na mayai ya mjusi. Nikaitoa diski, nikaiunganisha kwa kebo ya USB, ikalia kidogo ikawaka. Barua 63 za Baba, kuanzia 2009 hadi 2012, zote zimo kwenye faili moja la maandishi ambalo hata programu ya kawaida kabisa ingelifungua. Za miaka mitano ya mwisho, alipokuwa anaumwa na kuniandikia mambo mazito zaidi, hazimo. Hizo niliziachia "wingu", yaani seva za kampuni ile.

Ndiyo maana nalipigia kelele jambo hili hadi wengine mnanichoka. Imeili ni huduma ya ajabu. Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971 na kuchagua alama ya @. Kanuni za SMTP, za kupeleka barua kutoka seva hadi seva, ziliandikwa 1982, na hadi leo mtu wa kampuni hii anamwandikia wa kampuni ile bila kuomba ruhusa. Jaribu kutoka WhatsApp umtumie mtu asiye na WhatsApp. Imeili haina mwenyewe mmoja. Halafu sisi, tukiwa na kitu huru namna hiyo, tunakimbilia kuandika jina la kampuni ya mtu nyuma ya @ na kulichapa kwenye kadi za biashara. Pita Kariakoo usome vibao: duka la mamilioni, anwani ya kuazima.

Nunua domeni, yaani jina la kukaa nyuma ya @. Jina lako, la familia au la biashara, lenye .co.tz au lolote upendalo. Yangu nalipia kwa mwaka pesa isiyofika gunia moja la mkaa. Ukishakuwa na jina, sanduku lenyewe unakodi kwa yeyote. Kwenye mipangilio ya domeni kuna rekodi inaitwa MX, inayoiambia dunia barua zako zipelekwe seva gani. Mwaka 2023 kampuni niliyokodi ilipandisha bei. Jumapili saa tatu usiku nilibadilisha ile MX, nikahamisha barua za zamani, asubuhi barua ya kwanza ikaingia nyumba mpya. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyejua kwamba nimehama. Sikumwandikia mtu "samahani, nimebadilisha imeili". Ninyi mnaopenda mambo haya kama mimi mtaelewa nilivyojisikia usiku ule.

Najua pia mtakimbilia wapi, kwa sababu na mimi nilikimbilia huko: seva ya imeili nyumbani. Nilifanya. Nilinunua kompyuta ya HP ya mtumba Kariakoo kwa laki tatu na nusu, nikaweka Debian, aina ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikasoma wiki tatu bila kulala vizuri. Kupokea barua kulikuwa rahisi, na hata umeme ukikatika seva ya mtumaji hujaribu tena kwa siku kadhaa. Tatizo ni kutuma. Anwani ya IP ya nyumbani, yaani namba inayoutambulisha mtandao wako, hubadilika, watoa huduma wengi hufunga mlango namba 25 ambao seva hupitishia barua, na seva kubwa za dunia haziziamini barua zinazotoka kwenye mitandao ya majumbani. Nilituma makadirio ya kazi ya shilingi milioni moja na laki nane, yakaangukia kwenye spamu ya mteja, kazi akapewa mwingine. Kisha Februari 2024 Google na Yahoo wakakaza zaidi: anayetuma kwa wingi ni lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye domeni kweli. Weka zote tatu hata kama unatuma barua mbili kwa wiki. Na sanduku kodi kwa wenye kazi yao. Jina ndilo liwe lako.

Ile HP sikuitupa. Iko sebuleni chini ya televisheni, juu ya UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, diski mbili za terabaiti 2 kila moja, na ndiyo roho ya nyumba yangu. Kila usiku saa nane inashusha barua zetu zote, mimi na mke wangu, na picha za simu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili ile mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na sisi huku tukabaki tunaangalia duara linazunguka, mwanangu alikuwa na kazi ya shule ya kuwasilisha Jumatatu. Aliikuta kwenye HP, akaifungua kupitia waifai ya ndani, akaimaliza. Ruta haihitaji bahari ili vifaa vya nyumba moja viongee. Siku ile mke wangu aliacha kuuliza ile mashine inakula uniti ngapi za LUKU.

Na mashine kama hizo sasa ni nyingi. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maofisi yanatoa kompyuta nzima nzima kwa sababu tu haziruhusiwi kupanda Windows 11. Usiziache zikawe vyuma chakavu. Weka Linux, ongeza diski mpya. Diski iwe mpya. Hapo usibane pesa.

Lakini diski mbili ndani ya boksi moja si nakala, jamani. Moto mmoja, mwizi mmoja, zimekwenda zote. Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja ilale nje ya nyumba yako. Barua za Baba ziko kwenye HP, ziko kwenye hifadhi ninayolipia nje ya nchi, na ziko Tanga, kwenye diski iliyofungwa kanga ndani ya kabati la Mama. Kila Desemba nikienda naichomeka na kufungua barua ya kwanza, ya tarehe 4 Oktoba 2009, nione kama inasomeka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Wazazi wenzangu, hili ni letu. Tunawajengea watoto nyumba, tunaweka nondo madirishani, halafu picha zao zote za utoto tunazikabidhi kwa akaunti ya bure yenye neno la siri lililoandikwa nyuma ya daftari la mahesabu. Google walishatangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa, na wakasema mapema kabisa. Kosa litakuwa la nani? Kaeni chini na wake zenu na waume zenu, muulizane: nikifa leo, unaingiaje? Andikeni, mfunge kwenye bahasha, iwekwe na hati ya kiwanja.

Na namba ya simu iliyoko kwenye akaunti zenu, iangalieni leo. Hata kabla ya domeni. Ikiwa ni ya laini uliyoiacha, ibadilishe ukiwa bado uko ndani. Ongeza programu ya kutoa namba za uthibitisho kwenye simu, na zile namba za dharura wanazokupa zichape kwenye karatasi.

Sasa wewe binti. Mwisho wa mwezi haujafika, kwa hiyo una nafasi ambayo mimi sikuipata. Usianze na domeni, itakuchelewesha. Leo usiku azima kompyuta, weka Thunderbird, ingia kwa imeili ya chuo. Upande wa kushoto utaona folda za chuo na chini yake folda za kompyuta yenyewe. Chagua barua zote, zinakili kutoka juu kwenda chini, uiache hadi imalize. Kisha zima intaneti kabisa na ufungue barua tano, za zamani na za karibuni, pamoja na viambatisho vyake. Zikifunguka, umeziokoa.

Baada ya hapo waandikie wafadhili mmoja mmoja kutoka imeili hiyo hiyo ya chuo, wakati bado inafanya kazi, maana hapo ndipo wanakutambua. Waambie anwani mpya, taja namba ya maombi yako, waombe wakujibu kwenye zote mbili. Usiwaandikie wote kwa barua moja. Domeni tutaitafuta wiki ijayo, na utakapoinunua, akaunti ya pale uliponunulia usiifungue kwa imeili ya domeni hiyo hiyo. Ikisahaulika kulipiwa, utafungiwa nje pamoja na ufunguo.

Ukikwama kwenye kuunganisha, nitumie picha ya kioo. Mimi kabla ya saa sita silali.