Rashasha juu ya deraya, mpigaji ndani

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini siku hizi magari mengi ya deraya yana rashasha juu ya paa bila askari nyuma yake, na je, mtindo huo hauna hasara?

JIBU: Ndugu msomaji, sababu kuu ni uhai wa askari. Nchini Iraki, baada ya uvamizi wa mwaka 2003, mpigaji wa Marekani aliyesimama kwenye tundu la paa la Humvee, gari la kijeshi la Marekani, alikuwa wazi kwa risasi za wadunguaji na mabomu yaliyotegwa kando ya barabara. Mtambo kama Protector, unaotengenezwa na kampuni ya Kongsberg ya Norwe, humweka ndani ya gari, akitazama skrini na kuelekeza mtutu kwa rimoti, huku kamera ya joto ikimwonyesha adui hata usiku.

Hasara zipo, na kwa maoni yangu iliyo nzito zaidi ni kwamba skrini huonyesha sehemu ndogo tu ya mazingira, ilhali askari aliye nje husikia mlio umetoka upande gani na hugeuza shingo papo hapo. Tena, risasi zikiisha au zikikwama, katika mitambo mingi ni lazima mtu atoke, jambo linalomrudisha kwenye hatari ileile aliyoepushwa. Uzito wa paani nao hupunguza uthabiti wa gari. Kwa doria za mjini, ambako raia na wapiganaji wamechanganyika, ningependa gari la namna hiyo liandamane na jingine lenye askari anayetazama kwa macho yake mwenyewe.