Nikikosa maombi naona Mungu amenigeukia. Je, sijaielewa neema?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi huamka saa kumi alfajiri kuomba. Siku nikiamka, mchana kutwa najisikia niko karibu na Mungu. Siku usingizi ukinishinda, naogopa hata kumwomba jambo dogo. Naona kama amenigeukia. Kwa upande mwingine, ndugu mmoja ninayesali naye alikopa fedha kwangu, na muda tuliokubaliana umepita. Nikimkumbusha ananijibu, "Dada, hatuko chini ya sheria, tuko chini ya neema." Je, mimi najitesa bure na yeye ndiye aliyeelewa? Na kama tunaokolewa kwa neema, utii wetu una kazi gani?

Jibu: Asifiwe milele, dada yangu. Unadhani wewe na ndugu huyo mmesimama mbalimbali, lakini nikiusoma ujumbe wako nawaona mmesimama pamoja. Nyote wawili mnamwona Mungu kama mdai. Wewe unaamka kila alfajiri kwenda kulipa, na siku usipolipa unamkwepa kama mdaiwa amkwepavyo mwenye fedha zake. Yeye amesikia kwamba deni limefutwa, akafurahi kuwa hana tena sababu ya kuonana na mdai. Kati yenu hakuna aliyekaa chini akala na Baba yake.

Najua ninachokisema. Miaka ya kwanza ya wokovu wangu nilikuwa na daftari. Siku niliyofunga niliweka alama, siku niliyoshindwa niliacha nafasi tupu. Jumamosi usiku nilihesabu zile alama kabla sijathubutu kujiandaa kwa ibada ya kesho yake. Zilipokuwa nyingi niliwadharau wenzangu. Zilipopungua nilikaa kiti cha nyuma nikiinamisha uso. Kwa vyovyote vile, macho yangu yalikuwa kwenye daftari, hayakuwa kwa Kristo.

Angalia jinsi Maandiko yanavyoyapanga mambo haya, maana mpangilio ndio kila kitu hapa. Kutoka sura ya 20 ina zile amri kumi, lakini amri siyo neno la kwanza. Mungu anaanza: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Bahari walikwisha kuivuka, mana walikwisha kuila, ndipo wakaambiwa wasiibe na wasiseme uongo. Hakuwapelekea amri wakiwa bado Misri, kwamba wakizishika ndipo awatoe. Yesu naye alimwambia yule mwanamke aliyefumaniwa, "Wala mimi sikuhukumu," kisha akaongeza, "Enenda zako; wala usitende dhambi tena." Wewe, dada, umeyageuza maneno hayo: unaishi kana kwamba alisema asitende dhambi kwanza, halafu hatahukumiwa. Ndugu yako ameyakata katikati, akabaki na nusu ya kwanza.

Paulo katika Waefeso 2 anatumia neno "matendo" mara mbili, na ni vizuri uone mahali linapokaa. Tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo". Na hapo hapo, mstari wa 10, tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Matendo hayakuwa njia ya kuingilia. Ndiyo maisha ya aliyekwisha kuingia.

Sasa nije kwa huyo ndugu, maana andiko analolitaja nalipenda, na linaniuma linapotumiwa kumdhulumu mtu. Ni Warumi 6:14. Asome mstari mzima: "Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema." Paulo anaitaja neema kuwa sababu ya dhambi kushindwa kututawala. Swali la ndugu huyo lilikwisha kuulizwa mwanzoni mwa sura hiyo hiyo, kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, na jibu ni neno moja: Hasha!

Kuna mtu mwingine katika Biblia aliyeguswa na neema akiwa na fedha za watu mikononi. Zakayo alikuwa juu ya mkuyu, hajatubu lolote hadharani, wala hajarudisha hata senti, Yesu aliposimama chini ya mti akamwita kwa jina: "Shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Mwaliko ulitangulia. Lakini sikiliza kilichofuata: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 6, ilimtaka mtu wa namna hiyo arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano tu. Neema ilimfikisha mbali kuliko sheria ilivyodai, na hakuna aliyemshurutisha. Kwa hiyo mtu akiniambia neema imemfanya asirudishe alichokopa, namwuliza kwa upendo ni neema ya nani aliyokutana nayo. Tito 2 inasema neema "yatufundisha" kukataa ubaya, na neno la Kiyunani lililotumika pale ndilo linalotumika Waebrania 12 kwa baba anayemrudi mwanawe. Neema hulea. Wakati mwingine hukanya, na kuuma.

Kuhusu fedha zako: kumsamehe moyoni hakukukatazi kumdai. Mathayo 18:15 inakuruhusu umwendee, wewe na yeye peke yenu, umwonyeshe kosa lake. Kama kweli hana, mwongezee muda, au mwachie ukiweza. Lakini iwe ni wewe unayetoa, isiwe ni yeye anayejichukulia na kuliweka jina la Mungu juu yake.

Na wewe, sikwambii uache kuamka saa kumi. Endelea. Ila mkumbuke yule kaka mkubwa wa Luka 15, aliyesimama nje ya nyumba yenye karamu akihesabu miaka aliyomtumikia babaye bila kukosa amri. Alitii miaka yote hiyo kama mtumwa, na baba akamjibu: "Mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Maneno hayo aliambiwa akiwa amekasirika na amekataa kuingia.

Basi siku utakayopitiwa na usingizi, ukafumbua macho jua limekwisha kuchomoza, usianze kwa kuomba radhi mara kumi. Sema "Baba", hapo hapo kitandani, kisha mwombe lile jambo dogo ulilokuwa unaliogopa.