Kwa wale mliokuwa vipanga sekondari, leo naongea na nyie

Juzi nimepata meseji inboksi kutoka kwa binti mmoja anayesomaga makala zangu, yuko mwaka wa kwanza chuo. Kaandika hivi, dada mimi sekondari nilikuwa nashika namba moja toka naanza mpaka namaliza, saivi testi ya kwanza tu nimekuwa wa mwisho mwisho, naogopa hata kuwaambia nyumbani, nifanyeje? Nimeisoma nikaweka simu chini kwanza. Yaani huyu mtoto kaniandikia maisha yangu mwenyewe.

Maana mimi nilikuwa kipanga, na nalisema bila aibu kwasababu nililitolea jasho. Matokeo yakibandikwa ukutani watu hawakuwa na haja ya kutafuta jina langu, walikuwa wanatafuta nani kawa wa pili. Paredi naitwa mbele, zawadi nachukua, walimu wakitaka kuwasema wenzangu wananitaja mimi, mbona mwenzenu anaweza? Niliipenda sana ile hali na mpaka leo nikiikumbuka nafurahi. Ila jina la kipanga lina gharama yake. Kipanga haulizi swali, kipanga ndo anaulizwa. Mwalimu akisema nani hajaelewa, darasa zima linakugeukia wewe kuona kama hata wewe umeachwa, sasa hapo utanyoosha mkono kweli? Unanyamaza, usiku unapiga msuli, unakariri kila kitu mpaka mkato na nukta, pepa ikija unamwaga. Na kwa sekondari ile njia ilinitosha kabisa.

Nikaingia chuo. Ukumbi umejaa watu na kila unayemsalimia alikuwa wa kwanza huko alikotoka. Hilo peke yake linatosha kukuvuruga, na sio kwamba akili imepungua. Kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Herbert Marsh, yeye na mwenzake John Parker waliandika kuhusu hili tangu 1984, kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo uleule, yule aliyewekwa kwenye shule ya wakali anajiona wa chini kuliko yule aliyebaki na wa kawaida. Uwezo ni uleule jamani, kilichobadilika ni watu unaojipima nao. Ningelijua hili mapema ningelia kidogo kuliko nilivyolia, maana matokeo ya kwanza yalitoka nikiwa na sapu, yaani nimefeli somo natakiwa kurudia mtihani, tena kwenye somo nililokuwa nafundisha wenzangu sekondari.

Na habari ikafika kwenye grupu letu la shule. Mtu kaandika kipanga kala sapu, na vikatuni vya kucheka vikamiminika. Aliyeandika ni mtu niliyekuwa nakaa naye jioni namfundisha hesabu mpaka anaelewa. Nimemsamehe, ila nikisema haliumi nitakuwa nawadanganya. Lile grupu nilitoka na sijarudi.

Aliyeniokoa ni msichana mmoja tuliyekuwa tunakaa naye karibu, ambae sekondari alikuwa wa katikati tu, hakuna aliyekuwa anamjua kwa namba. Yule alikuwa ananyoosha mkono bila woga, mwalimu sijaelewa hapo, naomba urudie, na mwalimu anarudia na ukumbi mzima unapona. Hakuwa na jina la kulinda. Nikamwomba niingie kwenye diskasheni yao na huko ndo nikajua kukariri kwangu kulikuwa hakunipeleki popote, maana wao walikuwa wanafunga daftari, mmoja anaeleza kwa mdomo, akikwama wengine wanamalizia, ndo mnafungua kuangalia. Baadae sana nikaja kusoma kuwa watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili, wakatoa majibu mwaka 2006. Waliorudia kusoma maandishi walifanya vizuri wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamefunga na kujaribu kukumbuka wenyewe wakawaacha mbali. Yaani kurudia kusoma kunakupa raha ya kuona umeelewa, alafu siku ya pepa kichwa cheupe.

Iliyobaki ya chuo naruka, ilikuwa msuli na diskasheni, sapu nikaifuta, nikamaliza vizuri, kazi nikaitafuta kwa shida kama wengine wote. Mwezi uliopita nimekabidhiwa kitengo kizima kazini nikiongoze, na bosi aliponiita aliniambia amenichagua kwasababu mimi ndo mtu ninayeuliza kabla kazi haijaharibika. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele, na nilistahili!

Sasa wewe uliyekuwa namba moja nisikilize vizuri. Uliza. Usipoelewa uliza, ukidhani umeelewa uliza kuhakikisha, ukimuogopa mwalimu muulize mwenzako, ukimuonea aibu mwenzako basi anza na hiyo aibu maana ndo inayokufelisha. Na nyie wazazi na walimu, acheni kumtambulisha mtoto kwa namba yake ya darasani kila mgeni akija, huyu ndo wa kwanza wetu, mnamvalisha jina ambalo atashindwa kulivua siku akihitaji msaada. Mtoto anaficha matokeo sio kwasababu ni muongo, anaogopa kuwapotezea furaha yenu.

Mdogo wangu, nyumbani waambie wiki hii hii kabla hawajasikia kwa mtu mwingine, waambie na marks zenyewe. Alafu ile karatasi ya testi usiitupe, nenda nayo kwa mwalimu wako, muoneshe swali lililokutoa marks nyingi umuulize alitaka nini pale, ukirudi ufunge kila kitu uliandike upya jibu lako bila kuangalia. Ukishamaliza nitumie picha ya hilo jibu inboksi, nitalisoma.